Kabla ya kununua moteri ingine, tununue daftari



Mkutano mkubwa wa koperative yetu unakaribia, na kila mtu hapa Katanika anajua ni neno gani litakalotuchukua siku nzima: kamio. Wengine wanasema tutoe moteri ya zamani, tuweke ya okazio kutoka Japani, ile inayopita Dar es Salaam na Kigoma, halafu inavuka ziwa mpaka Kalemie. Wengine wanasema tufungue hii tuliyo nayo, tuitengeneze. Mimi ni memba kama ninyi, nalima mahindi na mihogo. Lakini mbele ya kushika jembe nilikuwa konvoyeri, halafu shofere, halafu nikasaidia fundi mu garaji. Nimekula vumbi ya barabara ya Nyunzu, nimesukuma gari mu tope ya barabara ya Bendera. Njo maana naomba nafasi mu gazeti letu hili, niseme mawazo yangu mbele ya kura.

Mawazo yangu ni haya. Moteri inaweza kubadilishwa, na siku moja itabidi tuibadilishe. Lakini leo hatujui bado ni kitu gani kinachoua kamio yetu, wala hatujui inakunywa mazutu kiasi gani. Mtu asiyejua ugonjwa wake hakimbilii dawa ya bei kali.

Ile safari ya mwezi wa pili

Munakumbuka. Kamio ilikuwa imebeba mifuko 60 ya mahindi. Ilipofika mu mlima ikaanza kutoa mvuke, na moteri ikazima. Shofere, konvoyeri na wamama watatu wenye mahindi walilala pale siku nne. Bashi ilikuwa na matundu, mvua haikuhurumia mtu. Mifuko ya chini ikalowana, mahindi ikaota ukungu. Ukungu ule si wa kucheza nao, unaweza kuleta sumu ya aflatoksini ambayo inaharibu ini. Mifuko ile tuliitupa. Ile iliyobaki, wachuuzi walifika na pikipiki wakainunua pale pale kwa bei yao wenyewe, kwa sababu walituona tumefungwa.

Wengi wetu tulifika Katanika mu machafuko ya 2016 na 2017, na furushi kichwani tu. Koperative hii tuliijenga kilo kwa kilo. Ile hasara ya siku nne ilikuwa ada ya shule ya watoto wa watu.

Kutoka ile siku, neno limekuwa moja: "Moteri imechoka, tuweke ingine." Lakini mimi nilikuwa pale fundi alipofungua. Nitawaambia alichoona. Radiateri ilikuwa imezibika karibu nusu, ndani ni chumvi na udongo wa maji ya mtoni tuliyokuwa tunaongeza kila siku, inje ni tope iliyokauka. Mkanda wa kuzungusha feni ulikuwa umelegea. Maji hayakupoa, moteri ikachemka, kilasi ikapinda na jwe yake ikaungua. Moteri ilikuwa ya mwisho kufa. Ilikufa kwa sababu ya vitu ambavyo vingetengenezwa kwa saa mbili na kwa pesa kidogo.

Sasa niulize: tukinunua moteri ya Japani, tukaiweka nyuma ya ile radiateri, na mikono ile ile ikaendelea kuongeza maji ya mtoni, itadumu masika ngapi? Usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi tunataka kujenga ukuta mpya juu ya ufa ule ule.

Liemba inatufundisha

Ndugu mmoja aliniambia: "Papa, wewe unapenda vitu vya zamani." Hapana. Kubadilisha moteri ni kazi nzuri, na mfano wake tuko nao hapa mu ziwa letu. Wazee wote wanajua meli Liemba. Iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande kwa meli mpaka Dar es Salaam na kwa treni mpaka Kigoma, ikaingia mu maji mwaka 1915 ikiitwa Graf von Götzen. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha isichukuliwe na adui. Waingereza waliitoa mu maji mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena na jina la Liemba. Ilitembea kwa mvuke mpaka miaka ya 1970, ndipo wakatoa mashine ya mvuke wakaweka moteri za dizeli. Mwaka 1993 wakabadilisha tena. Na mwaka 1997 ndiyo ile iliyorudisha makumi ya maelfu ya ndugu zetu wakimbizi kutoka Kigoma.

Muangalie vizuri: mwili ni ule ule, moyo umebadilishwa mara mbili. Kwa hiyo siwezi kusema kitu cha zamani hakibadilishwi moteri. Lakini hakuna anayeweka moteri mpya mu meli yenye matundu. Mwili unapimwa kwanza. Na sisi tupime kwanza shasi yetu, breki, kardani, diferansiali na radiateri. Kama shasi imepasuka, moteri mpya ni kumvika maiti viatu.

Tuhesabu kwa litri

Wale wanaotaka moteri ya okazio wanasema itapunguza mazutu. Inawezekana. Lakini kiasi gani? Bei ya mazutu inapanda na kushuka, kwa hiyo tuhesabu kwa litri, si kwa faranga. Nachukua mfano tu, kila mtu ataweka namba zake.

Tuseme safari ya kwenda na kurudi ni kilometa 100, na kamio inakunywa litri 40. Moteri mpya inakunywa litri 32. Tunapata litri 8 kwa safari. Tuseme moteri ile, pamoja na kuvuka ziwa, bandari, ushuru, fundi wa kuchomelea na vitu vyote vya kuifunga, inagharimu sawa na litri 2,000 za mazutu. Gawanya: ni safari 250 mbele ya pesa kurudi. Tukifanya safari 80 kwa mwaka, ni miaka mitatu na zaidi. Ndani ya miaka hiyo moteri isivunjike hata mara moja.

Sasa tuseme tunaacha moteri, tunasafisha radiateri, tunapima enjekteri, tunabadilisha filitire ya hewa na ya mazutu, tunarekebisha valvu, tunalegeza breki zinazoshika na kuongeza upepo mu tairi. Kazi hiyo tuseme inagharimu litri 160. Kama inapunguza litri 4 tu kwa safari, pesa inarudi kwa safari 40. Ni miezi sita.

Namba hizi naweza kuwa nimekosea. Hapo ndipo kuna shida yenyewe: hakuna mtu mu koperative anayeweza kunisahihisha, kwa sababu hatuandiki. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari moja na kalamu, kila safari: tarehe, kilometa, mifuko iliyobebwa, litri zilizoingia, mafuta ya moteri yaliyoongezwa, kitu kilichovunjika. Kupima si kazi ngumu. Jaza tanki mpaka juu, fanya safari, jaza tena mpaka juu. Litri zilizoingia mara ya pili ndizo zilizokunywewa. Kama kontere ya kilometa imekufa, pima njia mara moja kwa pikipiki yenye kontere nzima, uandike.

Na faida ingine ya daftari, tusifichane: litri ambayo haikuchomwa na moteri iliuzwa njiani. Moteri mpya haiponyi wizi.

Moteri yetu haikuzaliwa mlevi

Kamio yetu ni Mercedes 1113. Moteri yake ni OM 352, silinda sita, litri 5.7, nguvu za farasi 130. Ilitoka mwaka 1964, na ilikuwa imeundwa kuingiza mazutu moja kwa moja ndani ya silinda, kitu kilichoifanya ikunywe kidogo kuliko ile iliyoitangulia. Leo ikikunywa sana, kuna kitu kimeilevya. Na inatuambia ni nini, tukiangalia moshi. Moshi mweusi: mazutu ni mingi kuliko hewa, angalia filitire ya hewa, enjekteri na muzigo uliopita kiasi. Moshi wa bluu: inachoma mafuta ya moteri, segma au valvu zimekwisha. Moshi mweupe usiokwisha hata moteri ikipata moto: maji yanaingia mu silinda, au mazutu haiwaki vizuri. Fungua kifuniko cha kumwagia mafuta moteri ikiwa inazunguka: kama pumzi inatoka kwa nguvu, basi kweli silinda zimechoka. Hapo ndipo tuzungumze kurektifie au kubadilisha.

Na mazoea ya shofere pia yanakunywa mazutu. Shofere wengi wanateremka mlima bila vitesi, wanasema wanachunga mazutu. Ni kinyume. Ukiteremka ndani ya vitesi na mguu juu, pompi inafunga mazutu yenyewe, na moteri inasaidia breki. Bila vitesi, moteri inaendelea kukunywa kidogo, na breki zinabaki peke yake na tani za mahindi mgongoni.

Kama tunabadilisha, basi hivi

Inawezekana daftari litatuambia kwamba moteri imekwisha kweli. Hapo mimi mwenyewe nitainua mkono kwa kubadilisha. Lakini kwa masharti manne.

La kwanza, tuchague moteri ambayo pyesi zake zinapatikana Kalemie, na ambayo fundi wetu wanaifahamu. Moteri OM 366 ni mdogo wake wa OM 352, ukoo ni mmoja, kwa hiyo kuifunga hakuna kazi nyingi ya kukata na kuchomelea. Vijana wanapenda 6D16 ya Fuso, litri 7.5. Ni moteri ya nguvu, sikatai. Lakini ikiingia mu Mercedes inataka miguu mipya ya kukalia, ambreyaji na bwati ya vitesi inayolingana, kardani ya urefu mwingine na radiateri kubwa zaidi. Tena mwendo wake lazima ulingane na diferansiali, la sivyo ama italia sana ama itavuta kwa shida, na mazutu tuliyotafuta kuchunga itapotea hapo. Bei ya moteri ni nusu ya bei. Tuulize bei ya kamio inayotembea, si bei ya moteri iliyolala chini.

La pili, iwe na pompi ya mekanike, si ya kompyuta. Moteri za kisasa zinasukuma mazutu kwa bar 1,000 na zaidi, wakati enjekteri za moteri kama yetu zinafunguka kwa bar 200 hivi. Pahali pa nguvu kama hiyo, tone la maji au punje ya mchanga inaua enjekteri. Na sisi mazutu yetu inatoka mu pipa, inapita mu bido la manjano, na wakati mwingine imechanganywa na petroli ya taa, ambayo inakausha pompi. Na kompyuta ya kusoma ugonjwa wa moteri hiyo, mu kijiji utaitoa wapi? Moteri yoyote tuweke, mazutu ikae mu pipa usiku mzima, tuchote juu, tusichote chini, tuchuje, na kila asubuhi shofere atoe maji mu filitire.

La tatu, tusidanganyike na turbo. Kuna watu wanasema, "Tubandike turbo juu ya moteri ya zamani, itapata nguvu." Turbo inasukuma hewa nyingi, joto linapanda, na pistoni ambazo hazikuundwa kwa joto hilo zinayeyuka. Moteri iliyozaliwa na turbo ni sawa. Turbo ya kubandika juu ya moteri iliyochoka ni kumpiga fimbo punda mgonjwa.

La nne, karatasi. Tusilipe moteri ambayo hatujasikia ikiwaka, moto na baridi, na fundi wetu akapima nguvu ya kila silinda. Tuandike mkataba na garaji: kazi gani, siku ngapi, bei gani, nani analipa ikivunjika ndani ya mwezi wa kwanza. Sehemu ya pesa ibaki mkononi mwetu mpaka kamio ipande mlima na muzigo mzima na kurudi. Moteri ya zamani na pyesi zake zirudi kwa koperative, zisibaki garaji. Na kama namba ya moteri imeandikwa mu karatasi za gari, tuirekebishe mbele ya kutembea, tusimpe polisi wa barabarani sababu ya kutusimamisha kila siku.

Najua kuna neno ambalo wengine wanalisema chinichini: "Shirika litatusaidia, litalipa moteri." Labda. Lakini musaada unalipa moteri mara moja. Hakuna shirika litakalokuja kila asubuhi kuangalia maji mu radiateri. Na mfadhili yeyote atakayekuja, swali lake la kwanza litakuwa: kamio inabeba kilo ngapi kwa litri moja? Siku ile, daftari ndiyo itajibu.

Kura yangu

Kwa hiyo mu mkutano nitaomba hivi. Kwanza, pesa kidogo itoke mu sanduku sasa hivi kwa radiateri mpya au iliyosafishwa vizuri, filitire, enjekteri, breki na bashi isiyo na matundu. Pili, daftari ianze siku hiyo hiyo, ishikwe na mtu ambaye si shofere wala si prezida, na isomwe mbele ya wote kila mwisho wa mwezi. Napendekeza mmoja wa wale wamama watatu waliolala mu mlima. Wao wanajua kilo moja ina thamani gani. Tatu, pesa ingine yote ibaki, isiguswe, mpaka tumalize msimu mmoja. Kisha tukae tena, na namba mbele yetu, tuamue: kurektifie, kubadilisha, ao kuuza kamio yenyewe.

Kuna atakayesema msimu mmoja ni mrefu. Ni kweli. Lakini tumengoja miaka kupata kamio hii. Tusiipoteze kwa kura ya siku moja yenye hasira ya ile mvua. Mwenye mawazo mengine aje mkutanoni aseme, na mimi nitasikiliza. Aje tu na hesabu yake ya litri.